Kinaka, Chikanda na Bustani ya Mungu: Historia ya Majina ya Okidi za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza majina ya okidi za ardhini zenye viazi vinavyoliwa katika maeneo yaliyokuwa mikoa ya Mbeya na Iringa. Majina hayo yamegawanywa katika makundi matatu: majina ya wachimbaji na walaji (kinaka na chikanda), majina ya kisayansi yaliyotolewa tangu enzi ya ukoloni wa Kijerumani, na majina ya Kiswahili yanayohusu ua na mahali (okidi na Bustani ya Mungu). Kwa kutumia ushahidi wa mofolojia, ukopaji wa maneno na kumbukumbu zilizoandikwa, makala yanadai kwamba kila kundi limehifadhi uhusiano tofauti kati ya binadamu na mmea uleule, na kwamba leksikografia ya Kiswahili itapoteza sehemu ya historia ya nyanda hizo iwapo itaorodhesha jina la ua pekee na kuliacha la kiazi.

1.0 Utangulizi

Katika nyanda za nyasi zilizo juu ya Makete, Rungwe na Mbeya huota mimea midogo ya jamii ya okidi ambayo haipandwi na mtu. Tofauti na okidi zinazojishika kwenye magome ya miti, hizi hukaa ardhini. Mvua zinapoanza hutoa shina moja lenye majani, kisha maua. Kiangazi kinapofika sehemu ya juu hunyauka, na uhai wa mmea hubaki katika kiazi kilichofukiwa. Nyingi ya zile zinazoliwa ni za jenasi tatu: Disa, Satyrium na Habenaria.

Mmea wa namna hii huweza kutazamwa kutoka juu au kutoka chini. Anayeutazama kutoka juu huona ua, ilhali anayeutazama kutoka chini huona chakula. Hoja ya makala haya ni kwamba mitazamo hiyo miwili imeacha alama katika majina, na kwamba alama hizo zinaweza kusomwa kama chanzo cha historia pale ambapo maandishi ni haba.

Maelezo ya kijiografia yanahitajika kabla ya kuendelea. Tunaposema Mbeya na Iringa tunakusudia mikoa hiyo kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, nao Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kwa hiyo Makete, iliyo kitovu cha mjadala huu, leo imo Njombe, na mji wa mpakani wa Tunduma umo Songwe. Kumbukumbu nyingi zinazohusu okidi hizi ziliandikwa wakati mgawanyo wa zamani ungali unatumika.

2.0 Uwanda na Lugha Zake

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa takriban meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi kilicho jirani hufikia meta 2,961. Ni nchi ya baridi, jalidi na ukungu, ambako miti ni michache na nyasi ni nyingi. Udongo wake umetokana kwa kiasi kikubwa na milipuko ya kale ya volkeno, Rungwe ikiwa mojawapo.

Kwa mwanaisimu, uwanda huu ni mpaka. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, lugha za upande wa mashariki na kusini, yaani Kihehe (G62), Kibena (G63), Kikinga (G65) na Kiwanji (G66), zimo katika Kanda G, ambamo pia kimo Kiswahili. Lugha za upande wa magharibi, yaani Kinyiha (M23), Kisafwa (M25) na Kinyakyusa (M31), zimo katika Kanda M pamoja na Kibemba (M42) cha Zambia. Kanda za Guthrie zina misingi ya kijiografia kuliko ya nasaba, hivyo hazipaswi kuchukuliwa kuwa ukuta. Hata hivyo, zinatukumbusha kwamba neno linalovuka Kitulo kutoka Tunduma hadi Makete huvuka pia kutoka kundi moja la lugha hadi jingine.

Safari hizo za maneno hazikuanza na barabara za lami. Masimulizi ya Wanyakyusa yanaieleza asili ya watawala wao kuwa ni Ukinga, ng'ambo ya milima ya Livingstone. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu matambiko ya jumuiya jinsi Wakinga walivyokuwa wakivuka milima kupeleka majembe ya chuma kwa Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga. Njia za majembe zilikuwa pia njia za vyakula na za majina ya vyakula. Kwa hiyo, tunapokuta jina moja katika jamii kadhaa za pande mbili za milima, si lazima tudhani kwamba limeletwa na wafanyabiashara wa jana.

3.0 Majina ya Kiazi: Kinaka na Chikanda

Majina mawili ndiyo yanayotawala katika kumbukumbu za viazi hivi kusini-magharibi mwa Tanzania: kinaka na chikanda. Yote mawili hutaja kiazi na pia mlo unaotokana nacho. Ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Malawi, hupatikana chinaka na chikande. Zambia, hasa miongoni mwa wasemaji wa Kibemba, hutumia chikanda.

Ukiyapanga majina hayo pamoja, hujitokeza mashina mawili, -naka na -kanda (au -kande), na kiambishi kimoja cha ngeli ya 7 chenye sura mbili, ki- na chi-. Kinyakyusa husema ikindu kwa maana ya kitu, Kibemba husema icintu, na Kichewa husema chinthu. Kinaka na chinaka, kwa hiyo, ni neno moja lililovaa kiambishi cha kila upande.

Ngeli yenyewe ina la kutufundisha. Katika lugha za Kibantu, majina ya mimea mingi, hasa miti, huingia ngeli ya 3, ile ya m-/mi- katika Kiswahili. Mhindi hutoa hindi, na mchungwa hutoa chungwa. Majina tunayoyajadili hayakufuata njia hiyo. Yameingia moja kwa moja ngeli ya vitu, palipo na kiazi, kijiko na kisu. Tunaona humo dalili kwamba kilichopewa jina kwanza ni kile kinachoshikwa mkononi baada ya kuchimbwa, kisha jina hilo likapanda hadi kwenye shina na ua. Dalili hii peke yake haitoshi kuwa uthibitisho, kwani mimea midogo huingia ngeli mbalimbali, lakini inaafikiana na matumizi, maana majina hayo hutaja pia mlo.

Mlo wenyewe huandaliwa hivi: viazi huoshwa, hukaushwa na kutwangwa kuwa unga. Unga huchanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi, kisha hupikwa kwa kukorogwa hadi ushikamane. Ukipoa hukatwa vipande kama mkate mzito wa rangi ya kahawia. Mijini Zambia chakula hiki hupewa jina la utani la poloni ya Kiafrika, kwa kuwa kinafanana na nyama ya kusaga iliyokatwa vipande, ilhali hakina nyama hata kidogo.

Ni mahitaji ya miji hiyo ya Zambia yaliyobadilisha nafasi ya neno chikanda upande wa Tanzania. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, na barabara kuu inayofuatana nayo ziliiunganisha Nyanda za Juu Kusini na Zambia kupitia Tunduma. Okidi za upande wa Zambia zilipopungua kwa kuchimbwa, wanunuzi waliugeukia upande wa Tanzania. Tim Davenport na Henry Ndangalasi, katika makala yao ya mwaka 2003 kwenye jarida la Oryx, walikadiria kwamba mamilioni ya viazi, pengine hadi milioni nne, vilikuwa vikivushwa kila mwaka kutoka nyanda hizi kwenda Zambia.

Hapa linajitokeza swali la fonolojia. Kwa nini wasemaji wa Kiswahili wa nyanda hizi hutamka chikanda, wasilibadili kuwa kikanda, ilhali Kiswahili sanifu hutumia ki-? Tunapendekeza sababu mbili. Kwanza, umbo kikanda tayari lina kazi nyingine katika Kiswahili: ni kielezi na kivumishi kinachotokana na kanda ya nchi. Pili, neno lililokuja na mnunuzi hubaki na sauti ya mnunuzi. Chi- katika chikanda ni alama ya soko, na inaonyesha kwamba bidhaa inaelekea kule linakotamkwa hivyo. Kinaka, kwa upande wake, halihitaji marekebisho yoyote ili likae katika sentensi ya Kiswahili: kinaka kimechimbwa, vinaka vimekauka.

Tahadhari moja ni ya lazima. Msomaji anaweza kushawishika kulihusisha umbo chikande na kande, chakula cha mahindi na maharage. Mfanano huo wa sauti hauungwi mkono na maana, kwa kuwa vyakula hivi viwili havifanani kwa malighafi wala kwa mapishi. Tunauona kuwa ni wa bahati tu.

4.0 Majina ya Wasafiri na Wanabotania

Mwaka 1877 James Frederick Elton, konsuli wa Uingereza, aliuvuka uwanda huu akitokea kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Alifariki Ugogo mwezi Desemba mwaka uleule, na kumbukumbu za safari yake zilichapishwa mwaka 1879. Kwa muda mrefu ramani za Kiingereza ziliuita uwanda huo kwa jina lake, hadi jina la Kitulo lilipochukua nafasi.

Baada yake walikuja wakusanyaji wa mimea. Walter Goetze alikusanya mimea Uhehe na Ukinga mwishoni mwa karne ya 19, akafariki mwaka 1899 akiwa bado kazini. Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoravian aliyekaa Kyimbila karibu na Tukuyu, alipeleka Ulaya vielelezo vingi vya mimea ya Unyakyusa na milima ya jirani. Rudolf Schlechter, bingwa wa okidi wa Berlin, aliiita jenasi moja ya okidi Stolzia mwaka 1915 ili kumuenzi Stolz. Ni Schlechter pia aliyeitambulisha Disa ukingensis.

Jina hili la mwisho linastahili kuangaliwa kwa jicho la kiisimu. Kiambishi tamati -ensis ni cha Kilatini chenye maana ya -a mahali fulani. Kilichobaki ni Ukinga, pamoja na kiambishi u- cha nchi, kama tunavyokiona katika Uhehe, Ugogo na Unyamwezi. Linganisha na Erica kingaensis, mmea mwingine wa milima hiyohiyo, ambao jina lake limechukua shina bila u-. Kwa hiyo ndani ya ukingensis kuna namna ya kutaja nchi ambayo misafara na wakalimani wa Kiswahili waliieneza hadi ikaingia katika ramani za Wajerumani, na kutoka ramani ikaingia katika Kilatini cha wanasayansi.

Hata hivyo, majina haya yamehifadhi nchi na mkusanyaji tu. Mlo na mchimbaji hawamo. Haikulazimika kuwa hivyo daima, kama inavyoonekana katika mfano wa mnyama wa misitu ya jirani. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi kuzunguka Mlima Rungwe walisikia kwa Wanyakyusa habari za kima aitwaye kipunji, ambaye baadhi ya masimulizi yalimweka kati ya wanyama na mizimu. Walimtafuta, wakamwona mwaka 2003, na mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya kwa jina lilelile la kienyeji. Kipunji ameingia katika sayansi kwa jina la masimulizi. Kinaka hakikupata bahati hiyo.

5.0 Bustani ya Mungu

Jina mashuhuri zaidi linalohusiana na maua haya si la mmea bali la mahali. Uwanda wa Kitulo hujulikana kama Bustani ya Mungu, na wanabotania wameuita pia Serengeti ya Maua. Mara nyingi jina Bustani ya Mungu hutolewa kama urithi wa kale wa wenyeji. Ushahidi wa lugha unatutaka tuwe waangalifu.

Neno bustani lina asili ya Kiajemi na limeingia Kiswahili kupitia Kiarabu. Ni neno la pwani. Mungu ni neno la Kibantu, lakini silo neno la kila lugha ya nyanda hizi: Wanyakyusa Wakristo humwita Mungu Kyala, jina ambalo katika masimulizi ya kale lilikuwa la shujaa mwenye makao yake karibu na Ziwa Nyasa, kabla wamisionari hawajalichagua kwa ajili ya Mungu wa Biblia. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na utawala wa Wajerumani uliokuja nao ndio ulioimarisha Kiswahili kama lugha ya ofisi. Katika umbo tulilonalo, basi, Bustani ya Mungu ni jina la zama ambazo Mkinga, Mnyakyusa, Msafwa na mgeni walikuwa tayari na lugha moja ya kuzungumza baina yao. Yawezekana lilitanguliwa na jina la lugha nyingine lenye maana hiyohiyo. Lakini lililoenea ni la Kiswahili.

Kuchelewa kwake hakulipunguzii thamani. Jina hili ni tungo fupi ya fasihi simulizi, na lina fumbo. Bustani ni mahali palipopandwa, nazo okidi hizi hazikupandwa na mtu. Kwa hiyo mpandaji ni Mungu. Fumbo hilo hukubali fasiri mbili. Ya kwanza: kilichopandwa na Mungu ni riziki ya kila mtu, na mwenye njaa ana haki ya kuchimba. Ya pili: bustani ina mwenyewe, na asiye mwenyewe hachumi humo bila ruhusa.

Historia ya karibuni ya Kitulo inaweza kusomwa kama mvutano wa fasiri hizo. Baada ya uhuru sehemu ya uwanda ilifanywa shamba la mifugo la serikali, na pembezoni mwake wakulima walilima viazi mviringo na pareto. Mwaka 2002 serikali ilitangaza nia ya kuufanya uwanda hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ikaanzishwa rasmi, yenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 413. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) huitaja kuwa na aina 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini. Inatajwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Fasiri ya pili imepata sheria.

Sababu za kisayansi za ulinzi huo ni nzito. Okidi hizi huwa na viazi viwili kwa wakati mmoja: kikuukuu kinachonywea kwa kulisha shina la mwaka huu, na kipya kilichojaa kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kipya. Akikichukua, mmea hauna mwaka ujao. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na huhitaji kuvu wa udongoni ili ziote, hivyo pengo halizibwi haraka. Biashara ya kimataifa ya okidi zote pia inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Lakini fasiri ya kwanza nayo ina watu wake. Utafiti wa Challe na Price uliochapishwa mwaka 2009 uliwachunguza wachimbaji wa okidi wa Nyanda za Juu Kusini katika muktadha wa UKIMWI, ukihusisha kudidimia kwa mimea hii na udhaifu wa wanaoichimba. Mtu huyu, ambaye maarifa yake ndiyo yaliyozaa neno kinaka, ndiye sasa anayeitwa mhalifu ndani ya bustani. Jina la mahali limefika katika vibao vya watalii. Jina la kiazi limebaki katika mifuko inayovushwa usiku.

6.0 Okidi: Jina la Ua Lililokuwa la Kiazi

Kiswahili sanifu hutumia okidi, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Hilo halishangazi. Usanifishaji ulijengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kuendelezwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kiunguja kina hazina kubwa ya majina ya mimea ya pwani, lakini hakikuwa na sababu ya kuwa na majina ya nyasi za mwinuko wa meta 2,600. Palipotokea pengo, Kiingereza kilijaza.

Okidi limekuja na mtazamo wa juu, yaani ua la kuvutia, la kukuzwa katika nyumba za vioo. Ila neno hilo lenyewe halikuanzia huko. Orchis la Kiyunani lilimaanisha korodani, na Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alilitumia kwa mmea huu kwa sababu ya viazi vyake viwili. Dioscorides, katika karne ya 1, aliandika imani kwamba kiazi kikubwa kikiliwa na mwanamume huzaliwa mtoto wa kiume, na kidogo kikiliwa na mwanamke huzaliwa wa kike. Jenasi Satyrium imebeba kumbukumbu ya satiri, viumbe wa ngano za Kiyunani waliosifika kwa ashiki. Waarabu nao waliita viazi hivyo korodani za mbweha, na katika usemi huo limetokana sahlab, kinywaji kizito cha moto kinachojulikana Misri, Shamu na Uturuki, ambacho asili yake ni unga wa viazi vya okidi.

Kwa hiyo Myunani, Mwarabu na mchimbaji wa Makete walifanya jambo moja: walichimba kwanza, wakataja baadaye. Tofauti ni kwamba neno la Kiyunani lilipopita katika bustani za Ulaya lilipoteza kiazi chake likabaki na ua, na ndivyo tulivyolipokea. Hakuna sababu ya kiisimu ya kulipa okidi hadhi ya istilahi na kukiacha kinaka kuwa neno la kilugha tu. Majina yote mawili yametoka ardhini.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kinaka limehifadhi mtazamo wa mlaji, chikanda sauti ya soko la mpakani, ukingensis nchi kama walivyoitaja wasafiri, Bustani ya Mungu fumbo la umiliki, na okidi njia ndefu ya ukopaji. Hakuna hata moja linaloweza kuyasemea mengine.

Kutokana na hayo tunatoa pendekezo la kileksikografia. Kamusi za Kiswahili ziingize kinaka kuwa kidahizo, kwa mfano: kinaka nm [ki-/vi-] 1 kiazi cha okidi ya ardhini, hasa ya jenasi Disa, Satyrium au Habenaria, kinachochimbwa katika Nyanda za Juu Kusini. 2 mlo wa unga wa kiazi hicho na karanga, chikanda. Kidahizo okidi nacho kielekezwe huko. Kazi hiyo iambatane na ukusanyaji wa majina ya kila aina katika Kikinga, Kiwanji, Kisafwa, Kinyiha na Kinyakyusa kutoka kwa wachimbaji wazee, kwani anayechimba ndiye anayejua kutofautisha kiazi na kiazi kabla ua halijafunguka. Hifadhi hulinda mimea iliyobaki ndani ya mipaka yake. Majina yake hayamo katika mipaka hiyo. Yamo vinywani mwa watu waliokatazwa kuingia, na yataondoka pamoja nao yasipoandikwa.